Usuluhishi kwa Vitendo katika Kliniki ya Sheria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa sheria wanaojiunga na kliniki hutuuliza maswali yanayofanana, na wananchi wanaokutana na wanafunzi hao huuliza ya kwao, mara nyingi kwa wasiwasi ulio halali kabisa. Tumeyakusanya hapa na kuyajibu. Majibu yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na mahakama zake.

Kliniki ya sheria ni kitu gani?

Ni ofisi ya msaada wa kisheria inayoendeshwa na kitivo au shule ya sheria ya chuo kikuu, ambamo wanafunzi huwahudumia watu wenye matatizo halisi bila malipo, chini ya usimamizi wa mwalimu ambaye kwa kawaida pia ni wakili. Jina limeazimwa kutoka kwa madaktari, kwa sababu hakuna anayekubali kutibiwa na daktari ambaye hajawahi kumshika mgonjwa mbele ya mwalimu wake. Jambo hili si geni nchini: Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha mwaka 1961, na Kamati yake ya Msaada wa Kisheria ikaundwa mwaka 1967. Kazi iliyozoeleka katika kliniki ni kuandika hati za madai, kutoa ushauri na kumwandaa mtu aende mahakamani. Sisi tunafundisha pia usuluhishi, na tunaufundisha kwa kumweka mwanafunzi katika chumba kimoja na watu wanaogombana.

Usuluhishi, upatanishi, maridhiano, uamuzi: je, haya yote ni kitu kimoja?

Hapana, na mkanganyiko huu hauwasumbui wanafunzi peke yao. Katika migogoro ya kazi tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kwa lugha ya Tume, usuluhishi ni hatua ambayo mtu wa tatu huwasaidia mwajiri na mfanyakazi waelewane wenyewe, na uamuzi ni hatua inayofuata pale wanaposhindwa, ambapo mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaowafunga. Lakini katika mazungumzo ya mikataba ya biashara utasikia neno hilohilo, usuluhishi, likitumika kwa ile njia ya pili inayoishia kwenye tuzo, huku njia ya kwanza ikiitwa upatanishi. Kwa hiyo mwanasheria mwangalifu hatosheki na jina. Huuliza kwanza kama huyo mtu wa tatu ana mamlaka ya kuamua au hana.

Katika ukurasa huu, usuluhishi ni ile njia ambayo msuluhishi hana mamlaka hayo. Anaongoza mazungumzo, na wadaawa, yaani wale wanaogombana, ndio wanaoamua.

Kwa nini usuluhishi usifundishwe kwa mihadhara kama masomo mengine?

Kwa sababu shule ya sheria inamjenga mwanafunzi, kwa miaka mitatu au minne, awe na tabia inayomharibia kazi msuluhishi. Tunamfundisha asikie hadithi, achuje yasiyohusika, abaki na hoja ya kisheria, kisha atoe jibu haraka. Katika chumba cha usuluhishi, yale aliyozoea kuyachuja ndiyo mara nyingi yanayobeba ugomvi wenyewe.

Tulikuwa na mwanafunzi mwenye alama za juu sana darasani. Alikaa na ndugu wawili wa baba mmoja waliogombea mpaka wa shamba la urithi katika Mkoa wa Pwani, mpaka uliowekwa alama kwa minyaa. Dakika kumi hivi baada ya kikao kuanza, kaka mkubwa alisema, "Minyaa hiyo niliipanda mimi na marehemu baba." Mwanafunzi alidakia hapohapo na kueleza kwamba kisheria kinachoangaliwa ni ushahidi wa mgawo wa mirathi. Alichosema hakikuwa na kosa. Hata hivyo, mdogo mtu alikunja mikono na kuegemea kiti, na kaka mtu akaanza kuzirudisha karatasi zake, moja moja, ndani ya bahasha ya kaki. Kikao kilikuwa kimekwisha ingawa watu walikuwa bado wamekaa.

Jioni tulimuuliza yule mwanafunzi kwamba kaka mkubwa alikuwa anazungumzia nini. Akajibu kwamba alikuwa anazungumzia mpaka. Mwenzake aliyekuwa ameketi pembeni akiandika alisema kwamba alikuwa anazungumzia baba yake. Juma lililofuata huyo mwenzake ndiye aliyeongoza, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, siku mlipoipanda hiyo minyaa ilikuwaje?" Kisha akanyamaza. Mzee alizungumza kwa muda mrefu, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni, alikiri kwamba hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mgogoro haukuisha siku ile. Ulihitaji vikao viwili zaidi na siku moja ya kupima kwa kamba shambani. Lakini kuanzia hapo ndugu hao walikuwa wanazungumza wao kwa wao, na msuluhishi alikuwa akiwasikiliza.

Hakuna mhadhara unaoweza kumfundisha mtu kunyamaza kwa namna hiyo. Ndiyo sababu tunasisitiza vitendo, na hatuoni haya kusisitiza.

Je, mwanafunzi anaingia kwenye kikao halisi tangu siku ya kwanza?

La. Majuma ya mwanzo ni ya igizo dhima. Wanafunzi wawili wanapewa kila mmoja karatasi yenye siri zake, wa tatu anasuluhisha, na wengine wanatazama wakiwa na daftari. Tunarekodi sauti ili msuluhishi asikie mwenyewe ni mara ngapi alimkatiza mtu. Wengi hushtuka. Baada ya hapo anahudhuria vikao halisi kama mtazamaji asiyesema neno, kisha anakaa kama msaidizi wa msuluhishi mwenye uzoefu, na mwishoni, akiwa tayari, anaongoza kikao huku msimamizi ameketi kwenye kiti cha pembeni. Baada ya kila kikao kuna mazungumzo ya tathmini, na usiku huo huo mwanafunzi anaandika shajara yake, kabla kumbukumbu haijaanza kumpendelea.

Wanafunzi wanauona wapi usuluhishi halisi?

Sehemu ni nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani, kwa sababu sheria zetu zimeweka usuluhishi mlangoni mwa karibu kila aina ya mgogoro wa kawaida. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 107A, inaitaka Mahakama kufuata kanuni kadhaa, na mojawapo ni "kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro." Kwa majirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaweka sharti linalofanana nalo katika Ibara ya 159, na usuluhishi ulioambatishwa na mahakama, yaani wa kesi zilizokwisha kufunguliwa mahakamani, ulianza huko kwa majaribio jijini Nairobi mwaka 2016.

Kwetu, kesi za madai mahakamani zimekuwa na hatua ya usuluhishi tangu mabadiliko ya kanuni ya mwaka 1994. Katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria hiyo. Katika kazi, usuluhishi wa Tume unatakiwa ukamilike ndani ya siku 30 isipokuwa pande zote zikubali kuongeza muda, na mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufungua lalamiko lake ndani ya siku 30. Tunawataka wanafunzi waikariri hesabu hiyo ya mwisho kuliko nyingine zote, kwa kuwa watu wengi hufika kliniki wakiwa wamechelewa.

Ardhi ndiyo inayoleta watu wengi zaidi kwetu. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Kwenye kata kuna Baraza la Kata, na hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wajumbe wenyewe wanalisahau: tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hapo ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kulipokea shauri. Siku 30 zikipita bila suluhu, mdaawa anaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo. Maana yake ni kwamba watu waliozoea kuhukumu sasa wanatakiwa kusuluhisha, na mabadiliko hayo hayaji kwa kusomewa sheria peke yake. Mwanafunzi akikaa nyuma ya chumba cha baraza na kutazama kwa heshima, ataona jinsi mjumbe mzoefu anavyoutuliza mzozo kwa swali moja kuhusu afya ya mama wa mdaawa, na ataona pia jinsi mwenyekiti anavyoteleza na kurudi kwenye kutoa hukumu. Yote mawili yanamfundisha.

Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu kwenye Baraza la Kata, na mwanafunzi hana nafasi hiyo pia. Kazi yake huko ni kutazama na, akiwa kliniki, kumsaidia mwananchi apange maelezo yake kabla hajaenda.

Mwanafunzi ana ruhusa ya kisheria ya kuwa msuluhishi?

Mwanafunzi si wakili wala si msuluhishi aliyeidhinishwa, na ni marufuku kujitambulisha hivyo. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu ithibati ya watendaji wa njia mbadala za utatuzi wa migogoro zinataka anayefanya kazi hiyo kitaaluma aidhinishwe na kusajiliwa. Katika kliniki, kikao ni cha msimamizi mwenye sifa. Mwanafunzi anafanya sehemu ya kazi mbele yake, kwa ridhaa ya maandishi ya pande zote mbili. Mdaawa yeyote akisema hamtaki mwanafunzi, msimamizi anaendelea peke yake na hakuna anayeulizwa sababu.

Kijana wa miaka 22 atawasuluhishaje watu wazima wenye umri wa wazazi wake?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini, na ni swali zuri. Katika jamii zetu mpatanishi ni mtu mzima: mjomba, shangazi, mshenga, kiongozi wa dini, mjumbe wa mtaa. Nguvu yake inatoka kwenye umri wake na kwenye ukweli kwamba atakuwepo mazishini na harusini. Mwanafunzi hana hata kimoja kati ya hivyo, na akijaribu kujifanya anavyo atachekesha watu au atawaudhi.

Tunachomfundisha ni kuanza na adabu ya kawaida kabisa. Anasimama wazee wanapoingia, anawaamkia wote kwa shikamoo, akianza na aliye mkubwa kwa umri na si na aliyefungua lalamiko, na anahakikisha kwamba wote wawili wamekaa kabla yeye hajakaa. Kisha anaeleza nafasi yake bila kujikweza: "Mzee, na wewe mama, mimi ni kama mwanenu. Siwezi kuwaamulia, na sikuja kuwaamulia. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mmoja anasema bila kukatizwa na anasikika." Tumeona mara nyingi kwamba udogo huo, ukikubaliwa wazi, unageuka kuwa msaada. Mzee ambaye asingekubali kushindwa mbele ya mzee mwenzake anaweza kumweleza kijana jambo kwa nia ya kumfundisha, na katika kueleza huko akalegeza msimamo bila kuonekana amelegea.

Lipo jambo moja la hatari hapa. Heshima isimfanye mwanafunzi ampe mzee wa kiume dakika 30 na binti yake wa kambo dakika tano. Msimamizi hushika saa, na muda wa kila mmoja huandikwa.

Tunasoma sheria kwa Kiingereza. Tutasuluhishaje kwa Kiswahili?

Kwa kujifunza upya namna ya kusema, na hakuna njia ya mkato. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili miaka yote, na tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza kwa ujumla, lakini vitabu vya usuluhishi vilivyo mikononi mwa wanafunzi bado ni vya Kiingereza. Matokeo yake mwanafunzi hufasiri kichwani na kutoa maneno ambayo ni ya Kiswahili lakini hayamfikii msikilizaji.

Mfano unaojirudia kila mwaka ni neno maslahi. Vitabu vinamwambia msuluhishi atafute kile ambacho mtu anakihitaji kwa kweli, nyuma ya kile anachokidai, mwanafunzi anakitafsiri kuwa maslahi, na anamuuliza mama aliyekuja kwa ugomvi wa ukuta, "Mama, maslahi yako hapa ni nini?" Mama anasikia habari ya fedha na anajibu kwa hasira kwamba yeye hakuja kutafuta pesa. Swali lilelile, likiulizwa kama "Katika jambo hili, mama, ni kipi hasa kinachokuuma?" linafungua mlango. Vivyo hivyo, usiri hauelezwi kwa kusoma kifungu. Unaelezwa hivi: "Haya tutakayoongea humu ndani, hata msipoelewana, hayatapelekwa mahakamani kutumiwa dhidi ya yeyote kati yenu."

Kila mwanafunzi wetu anatunza orodha yake ya maneno yaliyofanya kazi na yaliyoshindwa. Kwa maoni yetu, orodha hizo zina thamani kuliko mitihani mingi.

Kuna migogoro ambayo kliniki haisuluhishi?

Ndiyo, na hapa hatuna mjadala. Ubakaji na makosa mengine ya kujamiiana, ukatili dhidi ya mtoto, na ndoa au mimba ya mtoto wa shule havisuluhishwi, hata kama familia zote mbili zimekuja pamoja zikiwa zimekwisha kukubaliana juu ya fedha. Hasa zikiwa zimekwisha kukubaliana. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, lakini ruhusa hiyo ni ya mahakama na ina mipaka.

Mgogoro wa ndoa wenye kipigo hauonekani mara moja. Kwa hiyo kila mmoja anahojiwa peke yake kwanza, siku tofauti, na mwanafunzi anafundishwa kuuliza waziwazi kama anaogopa kukaa chumba kimoja na mwenzake. Jibu likiwa ndiyo, au likichelewa mno, kikao cha pamoja hakifanyiki, na tunamwelekeza kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, ustawi wa jamii na msaada wa kisheria wa upande mmoja.

Je, kliniki iliyomshauri mtu inaweza baadaye kusuluhisha mgogoro wake?

Hapana. Huo ni mgongano wa maslahi. Daftari la mapokezi linakaguliwa kabla ya kila shauri.

Kikao cha faragha kina kazi gani?

Ni mazungumzo ya msuluhishi na mdaawa mmoja, mwingine akisubiri nje. Hutumika hasira zinapopanda, au pale inapoonekana kuna jambo mtu hawezi kulisema mbele ya mwenzake. Kosa la wanafunzi ni kukitumia kila wanapoogopa. Tunawataka wakae na zile hasira kidogo kabla ya kumtoa mtu nje, na wakimtoa, wampe na mwenzake muda uleule. Kabla kikao cha faragha hakijafungwa, mwanafunzi lazima aulize neno kwa neno ni yapi anaruhusiwa kuyabeba kwenda upande wa pili.

Hati ya makubaliano inaandikwaje, na ina nguvu gani?

Inaandikwa kwa Kiswahili, mbele ya wote wawili, kwa maneno yao: nani atafanya nini, lini, wapi, na kiasi gani kwa tarakimu na kwa maneno. "Atalipa mapema iwezekanavyo" hatukubali. Inasomwa kwa sauti mara mbili, na asiyejua kusoma anasomewa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ikisainiwa inakuwa mkataba kati yao. Na kama shauri liko mahakamani, inawasilishwa huko ili iweze kusajiliwa na kutekelezwa kama amri ya mahakama.

Ugumu mkubwa hauko kwenye uandishi. Uko kwenye maneno mawili ambayo kila Mswahili anayajua: "Basi yaishe." Mtu, na mara nyingi mwanamke mbele ya shemeji zake, anaweza kuyatamka kwa sababu ameridhika, au kwa sababu amechoka na watoto wanamsubiri. Kwa masikio ya mwanafunzi anayetamani suluhu yake ya kwanza, maana hizo mbili zinafanana. Kwa hiyo anayesema yaishe haletewi kalamu. Anaulizwa, peke yake, yaishe vipi. Na kama hawezi kueleza, hati haisainiwi siku hiyo. Anaenda nyumbani na nakala, anaizungumza na anayemwamini, na anarudi akitaka.

Wadaawa wasipoelewana, je, mwanafunzi amefeli?

Hapana. Alama hazihesabiwi kwa idadi ya suluhu, na tusingependa kamwe zihesabiwe hivyo, kwa sababu siku zitakapohesabiwa hivyo wanafunzi wataanza kuwasukuma watu wakubali. Tunapima maandalizi, usikivu, usawa, uandishi na ukweli wa shajara. Kikao alichokisimamisha mwanafunzi kwa sababu aligundua mdaawa mmoja anaogopa kinaweza kupata alama za juu kuliko vyote.

Wadaawa wakiendelea kumpigia simu mwanafunzi baada ya muhula kuisha, afanyeje?

Hutokea, hasa kwa wale waliosuluhishwa vizuri. Mtu anapata mtoto, au jirani amerudi kujenga banda palepale, na namba aliyonayo ni ya yule kijana. Ndiyo maana tangu mwanzo wanafunzi hutumia simu ya kliniki na si namba zao binafsi. Kama namba yake imefika kwao kwa njia yoyote, apokee kwa adabu, asitoe ushauri wala ahadi, awape siku na saa za kufika ofisini, na kesho yake asubuhi amwandikie msimamizi ili faili lipewe mwanafunzi mwingine kabla hawajafika mlangoni.